Maktaba ya Nyimbo na Majina ya Rafu Zake: Kutoka Santuri hadi Simu ya Mkononi, kwa Mfano wa Rungwe

Utangulizi

Katika mji wa Tukuyu, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, vimekuwapo vibanda ambamo kijana mwenye kompyuta huwanakilia watu nyimbo katika simu zao kwa malipo madogo. Kazi hiyo watu wenyewe wameipa jina la "kuingiza nyimbo". Miaka michache iliyopita nilikuwa nimejibanza mbele ya kibanda kimojawapo nikikwepa mvua, ambayo wilayani Rungwe haipigi hodi, alipofika mzee mmoja, mwimbaji wa sauti ya nne wa siku nyingi, akilalamika kwamba nyimbo zake zote zimepotea.

Kijana aliipokea simu kwa mikono miwili, akaitazama, akasema, "Tata, nyimbo zipo. Ni programu tu imebadilika sura." Mzee akamjibu, "Kama zipo, mwanangu, nionyeshe kwaya yetu iko wapi."

Ikachukua muda. Nyimbo zote zilikuwamo, wala haukuwapo hata mmoja uliofutika. Lakini zilikuwa zimerundikwa chini ya maneno "Msanii Asiyejulikana", pamoja na nyimbo za kwaya nyingine nyingi, mahubiri mawili na tangazo la redio. Toleo la zamani la programu ile lilizipanga nyimbo kwa makabrasha, ambayo vijana huyaita mafolda. Na juu ya kila kabrasha kijana wa kibanda alikuwa ameandika jina la kwaya na la ushirika wake. Toleo jipya lilikuwa limeyaficha makabrasha, na badala yake likaweka rafu tatu: msanii, albamu na aina.

Yawezekana msomaji akaliona jambo hili kuwa la mafundi, lisilowahusu walimu, wafasiri wala watumishi wa serikali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake: kwamba sehemu kubwa ya malalamiko ya watumiaji pindi sura ya programu inapobadilishwa ni malalamiko ya istilahi, na kwamba historia ya majina ya vyombo vya muziki katika Kiswahili ina funzo kwa wale wanaoziandikia programu hizo maneno.

Majina yaliyodumu vyombo vilipobadilika

Tuanze na majina ya zamani. Kinanda lilikuwa jina la chombo cha nyuzi. Vilipokuja vyombo vya Ulaya, jina hilo likapanuliwa likabeba na chombo cha kanisani chenye vibonyezo, na hata gramafoni. Santuri nalo asili yake ni jina la chombo cha nyuzi cha Waajemi na Waarabu. Katika Kiswahili likawa jina la sahani yenye nyimbo. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake huko Bombay mwaka 1928, sahani zilizorudi Zanzibar hazikuwa na uzi hata mmoja, lakini jina la chombo cha nyuzi lilizikaa barabara.

Neno simu lina mwendo huo huo. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Leo simu tunayoitia mfukoni haina waya, wala hapajapata kutokea mtu aliyepotea njia kwa sababu ya kuiita simu. Kanda ni hivyo hivyo: ni jina la umbo, yaani kitu chembamba na kirefu kama ukanda, lakini watu waliendelea kusema "kanda" hata pale ukanda wenyewe ulipofichwa ndani ya kasha la plastiki, baada ya kaseti kuvumbuliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963.

Tunajifunza nini hapa? Wako wanaodhani kwamba istilahi hufa pale inapoacha kufanana na kitu chake. Mifano hii haikubaliani nao. Vyombo vilibadilika sana, lakini majina yakabaki, na kwa kuwa majina yalibaki, mtumiaji alivuka kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kuona kwamba amenyang'anywa kitu. Jina lilikuwa daraja.

Mji wenyewe wa Tukuyu ni shahidi. Utawala wa Kijerumani uliuita Neu-Langenburg. Utawala huo ulipoondoka, jina lake nalo halikudumu, bali limebaki lile walilokuwa nalo wenyeji vinywani. Jina hudumu kwa kuwa lina watu wanaolitumia.

Rafu za Rungwe

Wamisionari wa Moravian waliweka kituo chao Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Wamisionari wa Berlin wakaanza kazi yao katika nchi ya Wanyakyusa. Pamoja na ibada uliingia uimbaji wa kwaya, ambao umestawi wilayani kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili hata ukawa sehemu ya kawaida ya harusi, misiba na sikukuu. Mwimbaji katika uimbaji huu si mtu mmoja. Ni kundi, na kundi hilo hujulikana kwa mahali pake: kwaya ya ushirika fulani, ya mtaa fulani.

Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza kutangaza mwaka 1951, na baada yake Redio Tanzania Dar es Salaam, ziliwaletea wasikilizaji muziki wa nchi nzima. Lakini msikilizaji wa redio hakuwa na maktaba yake mwenyewe. Maktaba ya nyumbani ililetwa na kaseti. Aliyekuwa na kaseti 20 alizipanga juu ya kabati au ndani ya boksi, na juu ya karatasi ya kila kasha akaandika kwa mkono wake jina la kwaya, pengine na mwaka. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba rafu zake ziitwe "msanii" au "albamu". Alipanga kwa namna alivyowajua waimbaji, yaani kwa jina la kundi na mahali pake.

Kadi ya kumbukumbu ilipofika, ambayo wengi huiita memori tu, utaratibu ule ulihamia ndani ya kabrasha. Kijana wa kibanda alikuwa, bila kujua, mrithi wa yule aliyeandika juu ya karatasi ya kaseti.

Rafu zilizotoka mbali

Kompyuta, kwa upande wake, ilikuja na rafu zake tayari. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni utaratibu uitwao ID3, wa kuubandikia wimbo maelezo yake ndani ya faili lenyewe. Maelezo hayo yalichukua nafasi ya baiti 128: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na nafasi moja ya aina ya muziki. Aina zenyewe zilichaguliwa katika orodha ya 80 zilizokwisha kutajwa. Katika orodha hiyo polka ya Ulaya imo, lakini taarabu haimo, wala dansi la Kiafrika halina mahali pake. Hapana nafasi ya kijiji, wala ya ushirika, wala ya lugha ya wimbo.

Sisemi haya kwa kumlaumu mbunifu, ambaye alishughulikia sahani zilizokuwa mbele yake. Nataka tu ieleweke kwamba neno "msanii" katika programu ya muziki ni tafsiri ya rafu iliyochongwa kwingine. Nyimbo za kwaya zilizonakiliwa kibandani mara nyingi hazikuwa na maelezo yoyote ndani yake. Jina la kwaya lilikuwa juu ya kabrasha. Programu ilipoacha kuyaonyesha makabrasha, kwaya nzima ikawa "asiyejulikana", ilhali ushirika mzima ulikuwa ukiijua.

Wakati huo huo kazi ya kuiandikia kompyuta maneno ya Kiswahili ilikuwa ikiendelea. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice, mwezi Desemba 2004; na mwaka huo huo Microsoft ilitangaza nia ya kutoa programu zake kwa lugha hii. Ndipo yalipoenea maneno kama kiolesura, kivinjari, kupakua na kupakia, na ndipo ulipozidi mjadala wa kompyuta na tarakilishi baina yetu na ndugu zetu wa Kenya. Mwaka 2021 Spotify ilifungua huduma yake ya muziki katika Tanzania, Kenya na Uganda miongoni mwa nchi zaidi ya 80, ikaongeza lugha 36, Kiswahili kikiwamo. Basi neno maktaba, lenye asili ya Kiarabu ya kuandika, na lililozoeleka kwa vitabu, likapata kazi ya kuhifadhi nyimbo.

Watumiaji waliposema

Mzee wa Tukuyu hakuwa peke yake. Apple ilipotoa toleo la 11 la iTunes mwezi Novemba 2012, upau wa pembeni uliokuwa na majina ya sehemu zote za maktaba ulifichwa. Wengi walilalamika, na jambo la kwanza walilofundishana lilikuwa namna ya kuurudisha. Mwaka 2023 Spotify iliondoa kitufe chenye alama ya moyo ikaweka alama ya kujumlisha, kwa maelezo kwamba vitendo viwili vimeunganishwa kuwa kimoja. Wako waliodai moyo urudishwe. Tukiyasikiliza madai hayo kwa sikio la istilahi, twaona kwamba yana hoja: kupenda si kuongeza. Mtu huweza kuongeza wimbo katika orodha kwa ajili ya harusi ya mwenziwe bila kuupenda. Alama mbili zilikuwa vitenzi viwili, na kitenzi kimoja kilifutwa.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Sonos, kampuni ya Marekani inayotengeneza spika za nyumbani. Tarehe 7 Mei 2024 ilitoa programu mpya kabisa, na mambo mengi yaliyokuwamo katika ile ya zamani yakakosekana, yakiwamo baadhi ya yale ya kutafuta nyimbo katika maktaba ya mtu mwenyewe. Malalamiko yalikuwa makali hata mkuu wa kampuni, Patrick Spence, akaomba radhi hadharani mwezi Julai, na mwezi Januari 2025 akaondoka katika wadhifa wake.

Miongoni mwa waliolalamika walikuwamo watumiaji wasioona. Hao husaidiwa na programu inayosoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo cha simu. Kitufe kisichopewa jina, au kilichopewa jina lisilo lake, kwao ni ukuta. Hapa ndipo kiini cha makala haya kinapoonekana wazi. Kwa mtu asiyeona, programu haina rangi wala umbo. Ina maneno tu. Jina ndilo sura. Na nadhani hata kwetu tunaoona, hali ni hiyo hiyo zaidi ya tunavyokiri. Mzee wa Tukuyu hakulalamikia rangi. Aliuliza jina.

Funzo kwa wafasiri na waundaji wa istilahi

Itasemwa kwamba watu hulalamikia kila kilicho kipya, kisha huzoea. Ni kweli kwamba mazoea yana nguvu, lakini jibu hilo ni la haraka mno. Watu hawa hawa waliipokea kaseti badala ya santuri, na kadi badala ya kaseti, bila kilio. Walichokikataa ni kuhamishwa na kubadilishiwa majina kwa wakati mmoja, bila daraja.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, pale sura ya programu inapobadilishwa, mfasiri ajitahidi kuyashika majina yale yale ya toleo lililotangulia, hata kama amepata neno analolipenda zaidi. Neno zuri linalokuja wakati mtu amepotea humzidishia upotevu.

La pili, mfasiri asiridhike kutafsiri neno la rafu bila kuuliza ni kitu gani kitakachowekwa juu yake. "Mwimbaji au kundi" ni refu kuliko "msanii", lakini kwaya ya Rungwe inaenea ndani yake. Na badala ya "Msanii Asiyejulikana" ingefaa kusema "Bila jina la mwimbaji". Maneno ya kwanza yanamhukumu mwimbaji kwamba hajulikani. Ya pili yanakiri kwamba ni maandishi yaliyokosekana. Tofauti hii si ndogo kwa mtu aliyeimba katika wimbo huo.

La tatu, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina uzoefu mrefu wa kusanifu maneno ya ofisini, ya shule na ya sheria. Maneno ya vitufe na rafu za simu yanasomwa na watu wengi kila siku, wakiwamo wasiofungua kamusi kamwe. Yafaa yakusanywe na kujadiliwa kama istilahi nyinginezo, na vijana wa vibanda waitwe katika mijadala hiyo, kwani wao ndio wanaosikia watu wakiuliza.

Hitimisho

Siku ile mvua ilipopungua, kijana alikuwa amekwisha kuupata wimbo mmoja baada ya mwingine, na ndani ya kila mmoja, mahali pa msanii, akaandika jina la kwaya na la ushirika wake. Herufi zilienea. Mzee aliisogeza simu karibu na macho, akasoma polepole, kisha akasema, "Ndaga fijo," maana yake asante sana. Programu ilikuwa ile ile mpya, na sura yake haikubadilika. Kilichorudi mahali pake kilikuwa jina.