Unga Mweupe na Ufa

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni UFA.

Kila mfinyanzi amjua adui huyu. Chungu hufinyangwa vizuri, hukaushwa, hutiwa motoni. Kikitoka, kina ufa. Ndiyo maana wafinyanzi wengi huchanganya udongo na mchanga, au na vigae vilivyosagwa. Wataalamu wa kemia nao walishindana na adui huyo huyo.

Mwaka 1789, mjini Berlin, Mjerumani Martin Heinrich Klaproth alichunguza jiwe lililotoka kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka. Alipata humo unga mweupe usiojulikana kabla, yaani zirkonia. Chuma huyeyuka kwa digrii 1,538 za Sentigredi. Unga huu hauyeyuki mpaka zifike karibu 2,700. Basi, ungefaa sana kwa vyombo vya kuyeyushia madini. Lakini una tabia mbaya. Moto ukipita digrii 1,170, unga hujipanga upya ndani yake na kubanana. Ukipoa, hurudia mpango wa zamani na kutanuka, sehemu 4 au 5 katika kila 100. Chombo hupasuka chenyewe, hakuna aliyekigusa!

Mwaka 1929 Wajerumani Ruff na Ebert walionyesha kwamba zirkonia ikichanganywa na vitu kama chokaa, mpango wa motoni hudumu hata ikipoa.

Mwaka 1965 mtaalamu R. C. Garvie alieleza jambo la ajabu zaidi: udogo wa chembe peke yake watosha. Gawanya milimita 1 katika sehemu milioni moja, kisha chukua sehemu 30 tu. Chembe ndogo kuliko hapo hushika mpango wa motoni hata zikiwa baridi. Zikichomwa mno, hata hivyo, hushikana, hukua, na uwezo ule hupotea. Nao moto hauepukiki, maana bila moto unga haugeuki chombo. Kazi ngumu iko hapo.

Mwaka 1975, huko Australia, Garvie na wenzake Hannink na Pascoe waliigeuza ile tabia mbaya kuwa faida. Ufa ukianza, chembe zilizo kando yake hubadilika, hutanuka, na kuubana usiendelee. Siku hizi visu na meno ya bandia hutengenezwa kwa zirkonia ya namna hiyo.

Swali la darasa: mchanga husaidia nini katika udongo wa chungu? Mwulizeni mfinyanzi wa kwenu, mwandike jibu lake.