Young Scientists Tanzania

Young Scientists Tanzania (YST) ni asasi isiyo ya kiserikali inayokuza utafiti wa kisayansi katika shule za sekondari. Iliasisiwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, kwa kufuata mfano wa Ireland, ambako maonyesho ya kisayansi ya wanafunzi yalianza 1965. Wanafunzi, wakiongozwa na mwalimu mlezi, hutafiti tatizo la kwao, kisha kwenye maonyesho husimama kando ya bango lao wakihojiwa na majaji. Hapo kukariri hakusaidii. Mkoa wa Lindi, kwa mfano, hauna uhaba wa maswali ya kutafiti: mikoko ya Kilwa, gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974, na mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, iliyochimbwa na Wajerumani 1909–1913 na hadi leo iko Berlin.