Peter Philips, mtunzi aliyehojiwa

Hapa kambini kila mtu anajua mahojiano yalivyo. Unakaa kwenye benchi, unaulizwa ulitoka lini, ulipitia wapi, ulikuwa na nani. Baada ya miezi anakuja mwingine, anauliza yale yale. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyehojiwa namna hiyo mwaka 1593, tena akiwa gerezani. Jina lake Peter Philips, Mwingereza, mtunzi wa muziki wa kanisa.

Alizaliwa karibu na mwaka 1560. Mwaka 1574 alikuwa mtoto wa kwaya katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, chini ya mwalimu Sebastian Westcote. Mwalimu huyo alikuwa Mkatoliki, na Uingereza ya Malkia Elizabeth I ilikuwa ya Kiprotestanti kwa sheria. Sheria ya mwaka 1581 ilimtoza asiyehudhuria ibada ya kanisa la serikali pauni 20 kwa mwezi. Kibarua wa kawaida hakuzipata hizo hata kwa mwaka mzima. Mwaka 1582 Westcote alifariki, akamwachia kijana wake fedha kidogo katika wosia. Mwaka huo huo Philips akavuka bahari kwa ajili ya imani yake.

Alifika Roma, akapokelewa kwenye chuo cha Waingereza Wakatoliki waliokimbia kama yeye. Mzigo wake mkubwa ulikuwa ujuzi wa vidole, na ule haukaguliwi mpakani. Akawa mpiga kinanda wao kwa miaka mitatu. Mwaka 1585 akamfuata Lord Thomas Paget, tajiri aliyekuwa mkimbizi pia, wakazunguka Hispania, Ufaransa na nchi za Flanders. Paget akafariki mwaka 1590. Basi, mlezi hayupo na nyumbani hakurudiki. Philips akabaki Antwerp, akipata riziki kwa kufundisha watoto kupiga kinanda.

Tusidanganyane: hakuwa mkimbizi wa foleni ya mahindi. Alijuana na wakubwa. Lakini mambo ya mwaka 1593 yanaonyesha kwamba kujuana na wakubwa nako kuna hatari yake.

Mwaka huo alisafiri mpaka Amsterdam kumwona mpiga kinanda mashuhuri, Sweelinck. Safari ya mwanamuziki kwenda kumsikiliza fundi mwenzake, hivyo tu. Wakati wa kurudi akakamatwa, akapelekwa gerezani The Hague. Mwingereza mwenzake alikuwa amemshtaki kwamba yumo katika njama ya kumwua Malkia. Ushahidi ni nini? Zaidi ni kwamba alikuwa mtu wa Paget. Yaani, alitembea na nani. Waholanzi wakaulizia habari zake London, hatia haikuthibitika, wakamwachia.

Huenda ni humo kifungoni alimotunga muziki wa kinanda unaoitwa Pavana Dolorosa, yaani pavana ya huzuni. Pavana ni muziki wa dansi ya polepole, ya hatua za heshima. Unapigwa mpaka leo.

Kazi ya kudumu aliipata mwaka 1597, miaka 15 baada ya kutoka kwao: akawa mpiga kinanda wa Archduke Albert huko Brussels. Mkewe alikuwa ameshafariki, na baadaye binti yao naye. Philips akaingia upadri. Mwaka 1612 akachapisha kitabu cha nyimbo takatifu za sauti tano, na mwaka 1613 kingine cha sauti nane. Wanakwaya mnaelewa: kupanga sauti nne zisigombane ni kazi, sembuse nane!

Alifariki mwaka 1628, na hakurudi kuishi kwao. Lakini fungua kurasa za mbele za vitabu vyake. Baada ya jina lake ameandika kwamba yeye ni Mwingereza, na kwamba ni mpiga kinanda. Nchi iliyomfanya akimbie haikumnyang'anya neno lile. Na mwaka 1622 Henry Peacham, akiandika kitabu huko Uingereza, alimtaja kuwa mwenzao, mmoja wa mabingwa wakubwa wa muziki Ulaya. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu aondoke.

Mimi kwenye karatasi yangu, mahali pa kazi, pameandikwa "hana". Nyumbani nilifundisha kwaya miaka 11, na hapa bado nafundisha, jioni, chini ya hema. Siku ile karani aliponiuliza nilikuwa nimechoka, nikanyamaza, akaandika alivyoona. Simlaumu. Lakini mahojiano yajayo sitanyamaza. Nitamwambia: andika hapo, mwalimu wa kwaya.