Kisanduku cha joto: kutoka mkono wa mpishi mpaka namba

Leo ninawaletea historia ya kisanduku kimoja. Ukubwa wake ni sawa na valizi ndogo. Watu wanaotengeneza bia nyumbani huko Marekani na Ulaya wanakibeba kwa mkono mmoja. Kwa mbele kina namba mbili: joto la sasa na joto linalotakiwa. Ndani kina swichi ya kipasha maji na swichi ya pampu. Waya mmoja unaingia kwenye sufuria kupima joto. Pampu inazungusha ule uji wa kimea ili joto lisikae upande mmoja, na kisanduku kinawasha na kuzima moto chenyewe.

Kwa nini kazi yote hii? Sisi tuliosoma agronomia tunajua: enzimu za kimea ndizo zinageuza wanga kuwa sukari, na kila moja iko na joto lake. Karibu na digrii 63 unapata sukari nyingi ya kuchacha, bia inatoka nyepesi. Karibu na 70 inatoka nzito, tamu kidogo. Ukipita 80, enzimu zimekufa, kazi imekwisha.

Zamani hakukuwa na namba. Kule Uingereza mpishi wa bia aliingiza mkono ndani ya maji, ao alingojea mvuke upungue mpaka aone uso wake juu ya maji. Fahrenheit alitengeneza kipimajoto cha zebaki karibu mwaka 1714, lakini wapishi hawakukipokea mbio. Mwaka 1762 Michael Combrune, mpishi wa bia wa London, alitoa kitabu kilichoeleza kazi hiyo kwa digrii. Miaka ile ile kijana James Baverstock alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha baba yake, mji wa Alton. Baba hakutaka mambo mapya, njo maana kijana alitumia kipimajoto kwa kujificha! Na alipomwonyesha tajiri Samuel Whitbread chombo kingine cha kupima uzito wa bia, aliambiwa arudi nyumbani kushughulikia biashara yake.

Namba ilishinda pole pole. Mwaka 1818 James Joule alizaliwa Salford, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia. Hakupata diplome ya université. Alifanya majaribio nyumbani, na katika miaka ya 1840 alionyesha kwamba umeme ukipita ndani ya waya, joto linaongezeka kufuatana na mraba wa nguvu ya mkondo. Hiyo njo kazi ya kipasha maji cha kisanduku chetu. Wanasayansi wengi hawakumsadiki haraka, kwa sababu alisema anapima tofauti ndogo sana za joto. Leo jina lake ni kipimo cha nishati. Hesabu mwenyewe: kupandisha lita 25 za maji kutoka digrii 25 mpaka 66 inaomba joule karibu milioni 4.3. Kipasha cha wati 2000 kinahitaji dakika 36 hivi, bila kuhesabu joto linalopotea.

Ubongo wa kisanduku ulitoka baharini. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, aliandika namna mashine inaweza kushika usukani wa meli. Alianza kwa kuangalia nahodha mzuri anavyofanya. Nahodha haangalii tu meli imepotoka kiasi gani. Anakumbuka pia imepotoka kwa muda gani, na anaona inapotoka kwa mbio gani. Vitu hivyo vitatu ndivyo kisanduku kinahesabu kila sekunde ili joto lisipite alama.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria mwaka 1978. Tangu pale watu wa kawaida walianza kuunganisha vifaa vya kiwanda ndani ya sanduku la kubeba, na kinga ya umeme inayokata mbio, maana maji na umeme haviwezi kuchezewa.

Sasa tuje kwetu. Katika Katanga bamama wanapika uji wa mahindi, wanaacha upoe, halafu wanatia mizizi ya munkoyo. Uji unalainika, unakuwa mwepesi na mtamu. Ile mizizi iko na enzimu, sawa kimea. Mama anajua kwa mkono wakati gani uji umepoa vya kutosha. Ni akili ile ile ya nahodha wa Minorsky.

Wengi kati yetu, tukishapata licence, tunaona kazi ya bamama kama mambo ya kijijini, na kisanduku kama mambo ya Wazungu. Minorsky hakumdharau nahodha: alimwangalia, akapima, akaandika. Bamama wetu wanazeeka, na digrii za mikono yao haziko kwenye daftari zetu. Kipimajoto ni kitu kidogo. Uende nacho kwa mama anayepika munkoyo, uombe ruhusa, uandike kila kipimo pamoja na jina lake yeye mwenye kazi.