Mpishi wa Merka na Sindano ya Ncha Mbili

Itakapofika 26 Oktoba 2027 itatimia miaka 50 tangu vipele vya ndui vilipomtoka Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, bandari ya kale katika pwani ya Banadiri, Somalia. Na kwa kuwa ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui nje ya maabara, wasimulizi wengi humtaja kama tamati ya hekaya njema, wasitafakari ilikuwaje mtumishi wa hospitali, naye alipata kufanya kazi ya kuchanja watu, akawa hana kinga mwilini.

Ndui yenyewe haina haja ya kurefushiwa maneno: Edward Jenner alianzisha chanjo Uingereza mwaka 1796, na mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani likazidisha juhudi za kuifuta. Wachanjaji walitumia sindano ndogo yenye ncha mbili mfano wa uma, iliyobeba tone moja la dawa baina ya ncha zake, wakaidonoa ngozini mara 15 hata damu ichungulie. Maalin alikiri baadaye kwamba aliiogopa.

Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lililochukua watoto wawili wagonjwa wa ndui lilifika hospitalini, dereva akiuliza njia ya kambi ya karantini, na Maalin, kijana wa miaka 23, akapanda kumwelekeza, mwendo wa dakika chache tu. Siku kumi baadaye homa ikamshika, akatibiwa malaria. Vipele vilipotokea ikasemwa ni tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani, ambako marafiki waliingia na kutoka kumjulia hali. Habari ilipofichuka siku chache baadaye, hospitali ilifungiwa wagonjwa wapya, njia zikawekewa walinzi, wapekuzi wakapita nyumba kwa nyumba, na kwa majuma mawili watu 54,777 wakachanjwa, kazi yote hiyo kwa ajili ya bega moja lililokosa chanjo. Alhamdulillahi, hakuambukizwa mwingine, na Mei 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Lakini suala la kinga ya watumishi halikuisha pamoja na ndui: Marekani, ikihofu ndui kufanywa silaha, ilikusudia mwaka 2003 kuwachanja watumishi wa afya wapatao nusu milioni, wasipatikane hata 40,000. Rwanda ilipofikiwa na homa ya virusi vya Marburg mwaka 2024, wengi wa wagonjwa 66 walikuwa watumishi wa afya, nao ndio waliotangulizwa katika chanjo ya majaribio.

Nasikitika kwamba hata leo, itajwapo kinga ya watumishi, fikra hukimbilia kwa tabibu na muuguzi, ilhali anayemlaki mgonjwa kwanza ni bawabu, dereva, mfagiaji, au mpishi aliyetoka jikoni kuonyesha njia. Maalin mwenyewe aliingia katika kampeni ya kupambana na polio, akikaa na wazazi wanaosita na kuwasimulia woga wake, hata malaria ilipomchukua Julai 2013, angali katika kazi hiyo, palepale Merka.