Kutoka Kula hadi Kura

Baba ametunza kaseti ya mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi. Nina miaka saba, tupo nyumbani Magu, nasikika nikitangaza kwa majivuno: "Baba anaenda kupiga kula!" Hakuna anayecheka. Nyumba nzima tulisema hivyo, maana Kisukuma hakitenganishi L na R.

Shuleni ndipo nilipoambiwa nakosea. Kipimo chenyewe kilitoka mbali. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kukieneza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali Tanzania nzima. Basi ulimi wa mtoto wa Usukuma ukapimwa kwa mizani ya Unguja.

Nilipofika Dar kusomea uandishi wa habari niliikimbilia R hadi nikaipita. Siku moja, kwenye mazoezi ya kusoma taarifa, nikawatangazia wenzangu habari za "wakurima wa pamba". Walicheka hadi machozi. Leo siteguki tena.

Lakini matamshi hayagandi hata kwa wakubwa. Mwaka 2000 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa hotuba za Krismasi za Malkia Elizabeth wa Pili: kati ya miaka ya 1950 na 1980, irabu zake zilisogea kuelekea matamshi ya raia wake wa kawaida. Kama ulimi wa Malkia ulihama akiwa kwake, wangu ungebakije?

Ila kuna gharama sikuiona. Mwaka jana nilimrekodi bibi, nami nikaitikia kwa neno letu la "kweli": ng'hana. Ile ng'h hutoka na pumzi puani. Mimi nikatamka ng'ana, kavu.

Bibi akanyamaza, kisha akauliza kwa Kiswahili, eti nimsikie vizuri: "Mjukuu wangu, nani kakufundisha Kisukuma?"

Nikamwambia ni yeye. Akatikisa kichwa, akalitamka tena, polepole. Nikarudia. Akalitamka tena.

Rekodi ile ina dakika arobaini. Kumi na moja ni sisi wawili na neno hilo moja.