Nguo Isiyomkaa Mwenyewe

Neno la Kiingereza misfit liliingia maandishini mwanzoni mwa karne ya 19 kwa maana ya nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu ikaja kumkataa: koti linalobana kwapani, suruali inayopwaya kiunoni. Lawama ilikuwa ya fundi. Kabla utepe wenye inchi haujaenea, fundi alipima kwa ukanda wa karatasi uliokatwa vijino, kila mteja na ukanda wake. Akikosea, nguo ilimbakia fundi mwenyewe.

Hasara hiyo ilizaa biashara. Kuelekea mwisho wa karne, miji ya Marekani ilikuwa na maduka yaliyonunua suti zilizokataliwa na kuziuza kwa bei nafuu. Mnunuzi alipata kitambaa cha tajiri, hata kama mabega yalikuwa ya mtu mwingine. Wajanja nao hawakukosekana: waliuza nguo duni za kiwandani wakidai zilishonwa na fundi mkubwa zikakataliwa. Si mara nyingi kasoro huigizwa ili kuvuta wateja.

Wakati huohuo viwanda vilikuwa vikizoea saizi. Mvumbuzi Mmarekani Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861–1865 vililazimisha jeshi la Kaskazini kushonesha sare nyingi mno kwa saizi chache. Baada ya vita, wanaume walizidi kununua suti zilizokwisha kushonwa. Ni katika miongo hiyo neno lilipohama kutoka kwenye koti likamwangukia binadamu asiyelingana na wenzake. Mwaka 1961, filamu ya The Misfits ilipoonyeshwa, haikuwa na haja ya kutaja nguo.

Wanawake walichelewa kupimwa. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya Marekani, ndiyo, ya kilimo, ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59. Takwimu za wasio wazungu ziliachwa nje. Juu ya msingi huo mbovu kilijengwa kiwango cha saizi cha 1958, na wengi walioingia dukani wakatoka wakiulaumu mwili wao. Kiwango kilifutwa mwaka 1983. Tangu hapo kila kampuni hujipangia namba zake, na kiuno kilekile huweza kuwa na saizi tofauti katika maduka mawili. Nguo hizo zikifika Afrika Mashariki kama mitumba, fundi wa sokoni huzipunguza mnunuzi akisubiri.